Joto, Mwanga na Mlima Mweusi wa Lubumbashi

Hotuba niliyoitoa Jumamosi moja alasiri mbele ya walimu wa sayansi, wanafunzi wa sekondari na wazazi wao, katika ukumbi wa parokia mtaani Katuba, Lubumbashi. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.

Jambo yenu, wazazi wangu. Jambo yenu, walimu wenzangu. Na ninyi wanafunzi mliokaa chini ili wazee wapate viti, aksanti sana.

Kabla sijaanza nina kazi moja ndogo. Tazameni ukuta ule. Nukta nyekundu mnayoiona inatoka kwenye kalamu ya leza tuliyoifunga mezani kwa plasta. Imepita ndani ya prisma ya pleksiglasi, ile plastiki ngumu iliyo wazi kama kioo, kipande cha pembe tatu zilizo sawa, kila upande sentimita 3, ambacho tumekitoa sasa hivi katika sufuria ya maji ya digrii 60 na kukipangusa. Toka mezani mpaka ukutani ni mita 8. Mama, wewe mwenye chaki, weka alama hapo nukta ilipo, uandike na saa. Vizuri. Sasa mtu asiiguse meza, na mtu asiweke jicho mbele ya leza hata kwa mchezo. Tuiache nukta hapo. Tutaiendea baadaye.

Mwanga ukipita mahali patupu unakwenda karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Ukiingia katika maji au plastiki mwendo wake unapungua, na ukiingia kwa kushazari unapinda. Ukigawanya mwendo wa mahali patupu kwa mwendo wa ndani ya kitu, unapata namba. Wanafunzi wanaijua kwa jina la Kifaransa, endisi ya refraksio. Mimi leo nitaiita kipimo cha mpindo. Maji yana 1.33, pleksiglasi 1.49, polikaboneti, plastiki nyingine iliyo wazi, 1.58 na kitu.

Namba hizi zimekaa katika vitabu vyetu kama tarehe ya kuzaliwa ya mtu, kwamba ikishaandikwa haibadiliki. Hapo ndipo maumivu yangu yanapoanzia, na nitawaeleza.

Nilipokuwa mwanafunzi tulipewa kutafuta kipimo cha mpindo cha kipande cha pleksiglasi kwa refraktometa ya aina ya Abbe, chombo kizuri cha shaba na vioo, kinachoweza kutofautisha namba mpaka tarakimu ya nne baada ya nukta. Nilipima mara ya kwanza asubuhi ya mwezi wa saba, baridi ile ya kiangazi chetu mnayoijua, thermometa ya maabara ikisema 12. Nikapata 1.493. Kazi ikakatizwa, tukairudia mwezi wa kumi, saa nane mchana, digrii 32, malata ya paa yakilia kwa jua. Nikapata 1.491. Nilipima mara tano, ikawa 1.491 mara zote tano. Yule aliyesahihisha aliandika kwa kalamu nyekundu kwamba sikuwa makini, kwa kuwa kitu kimoja hakiwezi kuwa na vipimo viwili, na nikapoteza alama. Pembeni mwa kile chombo kulikuwa na mirija miwili midogo ambayo sisi wote tulidhani ni ya kukishikia. Miaka kadhaa baadaye ndipo nilipojua kazi yake. Ni ya kupitisha maji ya joto lililopimwa kuzunguka prisma, kwa sababu waliokitengeneza walijua tangu mwanzo kwamba bila joto kushikwa mahali pamoja, kipimo hakina maana. Mirija ile ilikuwa mikavu miaka yote.

Namba zangu mbili zilikuwa sahihi zote mbili. Nitaeleza kwa nini, kwanza kwa plastiki, halafu kwa shaba yetu, kwa sababu hivi viwili havifanani hata kidogo.

Anzeni na mbabula, jiko letu la makala. Kila mama hapa amewahi kuketi nyuma ya mbabula wenye makala yaliyoshika vizuri, akaona ukuta wa jirani ukitetemeka kama kitambaa kwenye upepo. Ukuta hautetemeki. Hewa iliyo juu ya makala imepata moto, imetanuka, chembe zake zimeachana. Mwanga unaopita humo unakutana na chembe chache zaidi, kwa hiyo unacheleweshwa kidogo kuliko katika hewa ya kando. Hewa baridi na hewa moto zikichanganyika, mwanga unapindwa huku na huku. Na yale maji ya uongo yanayong'aa juu ya lami ya barabara ya Likasi saa sita mchana ni jambo hilohilo.

Plastiki inafanya kama hewa, isipokuwa haionekani ikitetemeka. Imeundwa na minyororo mirefu ya molekuli iliyolala ovyo, na minyororo hiyo haijashikana kwa nguvu kama atomu za kioo au za chuma. Ukiipasha, inasukumana na kuachana. Pleksiglasi hutanuka karibu mara kumi kuliko kioo cha kawaida cha lenzi. Urefu wake unaongezeka kwa sehemu 70 hivi za milioni kwa kila digrii. Ukitaka ujazo, zidisha kwa tatu, unapata sehemu 210 za milioni.

Wataalamu wawili wa karne ya 19, Ludvig Lorenz wa Denmark na Hendrik Lorentz wa Uholanzi, kila mmoja kwa njia yake, walipata kanuni inayofunga pamoja kipimo cha mpindo na msongamano wa kitu. Majina yao yanafanana hivyo, na sayansi imeyaweka pamoja katika kanuni moja. Chukueni 1.49 ya pleksiglasi, iwekeni katika kanuni hiyo pamoja na zile sehemu 210 za milioni. Kanuni inasema kipimo kinapaswa kushuka kwa 0.00012 kwa kila digrii. Maabara zinapima kama 0.00011. Yaani karibu habari yote ya plastiki iko katika kutanuka tu! Mimi mara ya kwanza nilipoifanya hesabu hii mwenyewe, usiku, kwenye daftari, nililia. Digrii 20 kati ya Julai na Oktoba, mara 0.00011, ni 0.0022. Ndiyo tofauti yangu ya 1.493 na 1.491.

Kioo cha lenzi je? Cha aina nyingi kinakwenda upande mwingine. Kinatanuka kidogo sana, na wakati huohuo joto linazifanya elektroni zake zivutike kwa mwanga kwa wepesi zaidi, kwa hiyo kipimo kinapanda badala ya kushuka, lakini kwa sehemu chache tu za milioni kwa digrii.

Sasa mzazi atauliza, hii inamgusa nani? Chukua lenzi ya pleksiglasi inayokusanya mwanga umbali wa milimita 100. Ipate moto kwa digrii 30. Kipimo kimeshuka, na lenzi yenyewe imevimba. Yote mawili yanasukuma picha upande mmoja, na picha inahama karibu milimita 0.9. Lenzi kama hiyo ya kioo, kwa joto hilohilo, haifiki milimita 0.02. Katika makanisa yetu mengi kuna mashine ya bei nafuu inayoonyesha maneno ya nyimbo ukutani. Ibada ikianza maneno yako wazi, baada ya saa moja yamekuwa ukungu, na kijana anapanda ngazi kuizungusha lenzi, akilaumiwa kwamba hakuipanga vizuri. Msimlaumu. Taa ya ndani imeipasha lenzi ya plastiki. Kamera za simu zenu pia zina lenzi za plastiki, ila zina kimota kidogo kinachoisogeza lenzi kila mara mpaka picha ikae.

Kwa miwani, sitaki mtu aondoke hapa na woga. Lenzi ya daraja 2 ikibadilika kwa sehemu moja ya mia, hiyo ni 0.02, na hatua ndogo wanayotumia kawaida wapima macho ni 0.25. Hamtaona kitu. Lakini msiiache miwani mbele ya kioo cha gari juani. Huko kinachoumia ni ile dawa nyembamba iliyopakwa juu ya lenzi kuzuia mng'ao. Plastiki inatanuka sana, dawa haitanuki hivyo, basi dawa inapasuka mipasuko midogo kama udongo wa Oktoba kabla ya mvua, na haitengenezeki tena.

Na jambo moja la walimu. Ukichora mstari wa kipimo cha pleksiglasi kadiri joto linavyopanda, mstari unashuka taratibu, halafu karibu na digrii 105 unavunjika na kushuka kwa kasi zaidi. Hapo ndipo plastiki inapolegea. Polikaboneti hufika huko karibu na 150. Mwanga unatuambia wapi kitu kinaanza kulainika kabla mkono haujakigusa.

Tuje kwenye shaba. Mukuba, kama wazee wanavyosema.

Kwa shaba namba moja haitoshi. Zinahitajika mbili. Ya kwanza ni ile ya mwendo wa wimbi, ya pili inasema mwanga unakufa upesi kiasi gani ndani ya kitu. Kwa mwanga mwekundu, shaba ya digrii za kawaida ina kama 0.2 kwa ile ya kwanza na kama 3.6 kwa ya pili. Naona mkono wa mwanafunzi tayari. Ndiyo, 0.2 ni chini ya 1, na ingeonekana kana kwamba mwanga ndani ya shaba unaupita mwanga wa mahali patupu. Kinachokimbia hivyo ni mgongo wa wimbi peke yake. Nguvu haisafiri kwa kasi hiyo, wala habari. Na wimbi lenyewe haliendi mbali. Katika unene wa sehemu 14 za milioni za milimita, zaidi ya nusu ya mwanga imekwisha. Unywele wa mtu ni mnene kuliko hapo mara 5,000 hivi.

Mwanga usioingia unarudi. Shaba safi inarudisha zaidi ya asilimia 90 ya mwekundu, na kama nusu tu ya bluu. Ndiyo rangi tunayoijua, rangi ya misalaba ya shaba ambayo mababu wa Katanga waliisubu katika mchanga karne nyingi kabla ya mtu yeyote kuja na karatasi ya mkataba.

Na joto linafanya nini hapo? Msiwaze kutanuka. Shaba inatanuka robo tu ya pleksiglasi, na kutanuka huko ni jambo dogo. Mnamo 1900 Mjerumani Paul Drude alieleza metali kama uwanja ambamo elektroni nyingi zinazurura huru, zikigonga na kugonga. Leo tunajua kwamba kinachozigonga katika shaba safi ni mtetemo wa atomu. Joto likipanda, atomu zinatetemeka zaidi, na kugongana kunazidi. Mafundi umeme mnajua upande mmoja wa habari hii. Ukinzani wa waya wa shaba unapanda karibu asilimia 0.4 kwa kila digrii, kiasi kwamba kutoka digrii 20 mpaka 270 unakuwa karibu mara mbili. Mwanga unakutana na elektroni zilezile. Kwa mwanga wa infraredi, ule usioonekana, namba ya kwanza ya shaba inapanda karibu sawa na kugongana huko, na namba ya pili inatikisika kidogo tu. Shaba ya moto inazidi kumeza mwanga. Wanaochomelea shaba kwa leza wanaijua shida hiyo. Mwanzoni shaba baridi inairudisha leza karibu yote, lakini ikishaanza kuyeyuka inameza ghafla, na fundi asiyejua anatoboa tundu.

Marehemu baba yangu alifanya kazi kwenye matanuru ya shaba ya mji huu. Hakusoma fizikia. Alikuwa akituambia, tukiwa watoto, kwamba shaba na takataka zake zikitoka tanuruni pamoja, takataka ndizo zinazowaka kwa mwanga mkali, na shaba safi inakuwa na giza kidogo, ingawa joto ni lilelile. "Kilicho kizuri hakipigi kelele," alisema. Nilidhani ni methali tu. Baadaye nilikuta kanuni ya Gustav Kirchhoff, ya 1859, kwamba kitu kinachorudisha mwanga vizuri kinatoa mwanga wake mwenyewe kwa uchache. Shaba inarudisha, basi inang'aa kidogo. Takataka zinameza, basi zinawaka. Baba aliona kwa macho yale tunayoyaandika kwa namba mbili, na anayepima joto la tanuru kwa mbali, kwa chombo cha kusoma mwanga, akisahau kwamba namba hizo zinabadilika na joto, na kwamba shaba ikipata kutu ya juu inabadilika kabisa, atasoma joto lisilo la kweli. Shaba inayeyuka kwenye digrii 1,085. Huko kosa linamaanisha kazi iliyoharibika, au mtu aliyeungua.

Walimu wenzangu, nina ombi hapa. Kila mwanafunzi akiandika kipimo cha mpindo, aandike na digrii pembeni yake, na rangi ya mwanga alioutumia. Thermometa moja kwa darasa inatosha. Maji yenyewe hupoteza karibu 0.0001 kwa kila digrii, kwa hiyo mtu anayepima sukari ya juisi kwa refraktometa ya mkononi iliyowekewa digrii 20, akapima kwenye digrii 30, ataisoma sukari pungufu, karibu asilimia 0.7, na atafikiri matunda ni mabaya.

Sasa mlima wetu. Sote tumeuzoea, mlima mweusi kando ya lile bomba refu la moshi. Unaujua hata mtoto anayeuona kwa mara ya kwanza toka dirisha la basi. Tanuru la Union Minière, kampuni ya madini ya wakati wa Wabelgiji, lilitoa shaba yake ya kwanza hapa mwaka 1911, na kwa miaka mingi baadaye takataka zilikuwa zinamwagwa palepale. Sehemu kubwa ilitokana na madini ya Kipushi, kilomita 30 hivi kutoka hapa, na madini ya Kipushi yalikuwa na kitu ambacho wakati ule karibu hakuna aliyekitafuta, germaniamu. Kimelala katika mlima ule pamoja na kobalti na zinki.

Nimeileta germaniamu katika hotuba hii kwa sababu imesimama katikati ya plastiki na metali. Clemens Winkler aliigundua mwaka 1886 huko Ujerumani. Ukiishika inang'aa kama metali, na jicho haliwezi kuona ndani yake. Lakini kwa infraredi iko wazi kama dirisha! Ndiyo maana lenzi za kamera zinazoona joto, zile za wazima moto na za mafundi wa nyaya za umeme, zinatengenezwa nayo. Kipimo chake cha mpindo ni 4.0. Bila kupakwa dawa, uso wake mmoja unarudisha asilimia 36 ya mwanga.

Na kipimo chake kinalihisi joto kuliko vya plastiki, kioo na maji nilivyotaja. Kipimo chake kinapanda kwa karibu 0.0004 kwa digrii, mara tatu na zaidi ya pleksiglasi, na kwa upande wa kinyume. Haipandi kwa sababu ya kutanuka, maana kutanuka kungeishusha. Inapanda kwa sababu elektroni zake zinakuwa nyepesi kuvutwa na mwanga. Lenzi ya germaniamu ya milimita 100, kutoka alfajiri ya Julai mpaka mchana wa jua kali juu ya bati, tofauti ya digrii 40, inahamisha picha kwa nusu milimita. Wahandisi wanapambana kwa kuunganisha lenzi za vitu tofauti, kosa la moja likifuta kosa la nyingine, au kwa kuiweka ndani ya mwili wa alumini unaorefuka kwa kipimo walichokihesabu.

Halafu ipashe zaidi, ipite digrii 100. Elektroni zilizokuwa zimefungwa zinaanza kuachiliwa, nyingi, zinazurura kama zile za shaba, na dirisha linafumba. Germaniamu ya moto inaanza kuumeza mwanga iliokuwa inaupitisha, inapata moto zaidi kwa kuumeza, na inazidi kufumba. Kitu kimoja, mbele ya macho yako, kinaacha tabia ya kioo na kuingia tabia ya metali, na kilichobadilika ni digrii tu. Natamani kila mwanafunzi wa Katanga ajue hili kabla hajamaliza sekondari. Anazaliwa chini ya mlima ule, anacheza chini yake, na hakuna anayemwambia kilichomo.

Nimesema kwa muda mrefu, saa imekwenda dakika arobaini na tano. Twendeni ukutani.

(Hapa watu walisimama. Nukta haikuwa tena kwenye alama ya chaki. Ilikuwa imesogea pembeni, taratibu kiasi kwamba hakuna aliyeiona ikitembea. Mzee mmoja wa mstari wa mbele alisema meza imeguswa. Wanafunzi waliokaa karibu nayo walikataa kwa sauti kubwa, nami nilikuwa nimeiangalia muda wote.)

Mama, shika rula. Pima toka chaki mpaka nukta. Sentimita 4.6. Igawanye kwa mita 8, halafu kwa 1.5, maana prisma ya pembe hizi huukuza mpindo kwa kiasi hicho. Tunapata 0.0038. Hiyo ndiyo namba ambayo pleksiglasi imeipata kwa kupoa mbele yenu. Sasa tunataka kujua ni kiasi gani kwa kila digrii moja. Tulianza na 60.

Mama aliandika 60 ukutani, kwa chaki, karibu na alama ya kwanza. Akageuka, akaniuliza thermometa iko wapi.